Skola Amevuka Sita

Baba,

Nimeshindwa kungoja. Nilipanga nikuandikie Jumapili nikitoka misani, nimeoga, nimetulia, kama mtu mwenye adabu zake. Lakini leo ni Alhamisi, fundi anabadilisha mkanda wa mashine, wateja wameenda kunywa chai, na mimi nimekaa juu ya magunia na daftari la Skola mapajani. Nimechana karatasi ya katikati. Atanigombeza, najua, maana siku hizi anajua daftari lake lina karatasi ngapi. Na hilo ndilo hasa linalonifanya nishindwe kukaa kimya. Anajua ni ngapi, Baba!

Mchumba wako Skola amevuka sita. Amevuka kumi, amevuka ishirini, na Jumatatu anaanza darasa la kwanza na watoto wa rika lake. Darasa la kwanza, si awali. Nimeandika hivyo harakaharaka kwa furaha, wewe usome tu, usicheke mwandiko.

Ngoja nianze mwanzo. Wewe hukupenda habari za kurukia.

Ulipoondoka mwezi wa saba, mpunga wa watu ulikuwa bado umeanikwa uwanjani hapa. Wiki ya pili baada ya kukuzika, mwenye mashine aliniita akanikabidhi debe lako. "Kazi ya baba yako hii, shika," akasema, basi. Miaka mitatu nilikuwa nafagia pumba na kukuangalia unavyopima, nikidhani kazi yenyewe ni kuchota na kumwaga. Siku ile ya kwanza nilipima mpaka mikono ikafa ganzi, na kila mkulima aliyeleta mpunga alisimama pembeni ananiangalia, kana kwamba nimevaa viatu vyako hadharani. Wazee wa Kabungu waliendelea kuuliza, "Mzee Debe yuko wapi?" Niliwaambia. Wengine walivua kofia.

Skola sikuwa na pa kumwacha. Baba yake unamjua, yuko machimboni, anakuja akikumbuka njia. Mwaka ule tulipanga aanze awali, ukaja ugonjwa wako, nikawa mtu wa wodini na mashineni, mashineni na wodini, mwaka ukaisha hivihivi. Basi nikaamua nitamfundisha mwenyewe. Mimi, Leokadia, niliyekuwa natoroka hesabu nikaenda kuchuma mapera! Ucheke tu, una haki.

Tulianza na herufi. Asubuhi uji ukichemka, herufi moja. Hapa kazini mashine ikipumzika, namtandazia pumba chini, nalisawazisha kwa kiganja, naandika kwa kidole, naye anafuata. S yake ilikuwa inatazama nyuma wiki nzima. Upepo ukija unazoa kila kitu, naye anapiga kelele, "Mama, jina langu limeruka!" anakimbia kulifuata uwanjani. Kabla mwezi haujaisha akawa anaandika SKOLA bila kuangalia kwangu. Jioni nikirudi nimechoka, namwambia anisomee, nasinzia kabla hajafika herufi ya tatu. Ananifinya sikio. Huo ndio ukawa utaratibu wetu, mwalimu anasinzia, mwanafunzi anamwamsha.

Hesabu sikuigusa. Nilijiambia hesabu Babu alishamaliza. Si niliwasikia nyie wawili kila siku? Wewe unamwaga debe, yeye amekaa juu ya lundo anatangaza kama wa redioni: "Moja! Mbili! Tatu! Nne! Tano! Sita! Guniaaa!" Unalipiga gunia kofi, mshonaji anakuja na sindano, na nyie mnaanza upya na moja. Nilikuwa nafagia huku naringa. Mtoto wa miaka minne anahesabu hivyo, nani mwingine Makanyagio nzima?

Basi mwezi wa kumi na moja nikampeleka shule kuandikishwa. Nilimvalisha lile gauni la njano, nikampaka mafuta mpaka anang'aa. Mwalimu mmoja mwenye miwani, mama mpole tu, akamwambia aandike jina lake. Akaandika. Nikajiona nimekua. Akamwambia, "Haya, tuhesabie mpaka kumi."

Skola akasimama wima, akajaza pumzi. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, gunia!

Akanyamaza. Mwalimu akangoja. Akamwambia endelea. Skola akaendelea: "Moja, mbili, tatu..."

Wazazi waliokuwa kwenye foleni walicheka, Baba. Mimi nilitaka ardhi ipasuke. Mwalimu hakucheka sana, akafunika mdomo kidogo, akamwuliza ana miaka mingapi. Akajibu, "Mitano. Mwezi wa kwanza nitajaa." Hapo hata mwalimu alishindwa kujizuia. Kisha akanivuta pembeni akasema maneno ya haki. Mtoto huyu ni mwerevu, lakini darasa la kwanza wataanza kujumlisha wiki ya kwanza, na yeye akibaki nyuma atadharau shule. Nimrudishe kabla ya kufungua. Akifika hata ishirini, anaingia na wenzake. Asipofika, ataanza awali na wadogo. "Mwondolee hayo mambo ya magunia," akasema.

Mwondolee. Niliendesha baiskeli kurudi nyumbani na hilo neno, Skola amekaa nyuma anaimba. Kweli nilikuwa nimepewa muda usiofika miezi miwili, lakini kilichoniuma si muda. Kile kihesabu chenu ndicho kitu kilichobaki chako ambacho bado kina sauti.

Hata hivyo nilianza jioni ileile. Nilimwaga maharage kwenye ungo. Akahesabu sita, akayatia kikombeni, akapiga kikombe kofi, "Gunia!" Akachukua mengine. Nikasema, "Haya mama, baada ya sita inakuja saba." Akaniangalia kama nimetukana. Kesho yake nikajaribu vifungo. Nikajaribu vidole, akafunga vinne vilivyobaki kwenye ngumi na kuvificha mgongoni! Nikajiona mwerevu, nikachukua rozari. Kumi kumi hizo, nikasema moyoni, hapa hanitoki. "Babu alikuwa anahesabu ngapi hizi?" Akanijibu bila kufikiri, "Hizo ni sala, Mama. Hazipimwi."

Nikairudisha rozari ukutani.

Wiki ya pili nikakasirika. Nakueleza ukweli, sitaki kukupamba hapa. Nilikuwa nimepima tangu asubuhi, mgongo unaniwaka, uji umemwagika, na mtoto amekaza shingo. Nikagonga meza. "Sema saba!" Ndipo likatoka: "Saba ni lumbesa. Babu alisema sita basi, ukizidisha ni wizi. Na wewe uliweka debe la saba. Nilikuona."

Baba, nilikaa chini.

Ni kweli. Mwezi wa tisa ilikuwa. Unamjua yule mnunuzi mwenye kofia ya mkeka, uliyemfukuza mara mbili. Alisubiri ulipoondoka, akaja na sauti ya asali. "Mama Skola, ongeza debe kidogo juu, mzee hayupo, tusibanane." Mwenye mpunga alikuwa kijana ametoka mbali, hajui hili wala lile, ana haraka ya kurudi. Na mimi nilikuwa mgeni kwenye lile debe, naogopa kunyang'anywa kazi. Nikamwaga la saba. Wakaliongezea gunia kilemba cha wavu, wakalishona, likasimama pale limevimba kama jipu. Nilijiambia ni moja tu. Skola alikuwa amekaa juu ya lundo. Hakutangaza. Kumbe tangu siku ile hakuwahi kutangaza tena hapa mashineni, na mimi kwa uchovu wangu sikuona kwamba kuna sauti imepungua.

Nilikuwa nafikiri mtoto hajui saba. Alikuwa anaijua vizuri kuliko mimi. Aliikataa.

Nilimwomba msamaha, mtoto wa miaka mitano, tumekaa chini sakafuni na maharage yametapakaa. Na wewe nakuomba sasa, maana siku zile nilikuwa naona aibu hata kupita makaburini. Yule mnunuzi alirudi wiki ile, akaanza tena wimbo wake, "Haba na haba hujaza kibaba, Mama Skola." Nikamjibu kwa maneno yako, kwamba haba na haba hujaza kibaba, haizidishi debe. Sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya kifaranga lakini ilitoka. Akahamia mashine ya ng'ambo ya barabara. Baada ya wiki mbili nikamwona amerudi kwenye foleni, kimya. Sikumwuliza kitu.

Skola akaanza tena kutangaza. Nilishukuru Mungu. Lakini sasa nikawa na tatizo mara mbili yake! Ningemwambiaje tena kwamba saba si wizi, mimi niliyeshikwa nayo mkononi? Siku zilikuwa zinakwenda. Nilianza kujizoesha kumwambia, "Ukianza awali kuna wadogo wazuri sana wa kucheza nao."

Kilichotuokoa ni wageni wako.

Walikuja katikati ya mwezi wa kumi na mbili kuondoa tanga. Kutoka Usevya walikuja wengi kuliko nilivyopika, na mbele yao dada yako Shangazi Fausta na mdomo wake. Alishuka kwenye basi akiwa ameanza kunigombeza, kwamba nimekonda, kwamba mtoto amekonda, kwamba hata kuku wangu wamekonda. Baada ya misa wakajaa uwanjani pale nyumbani, wengine mkekani, wengine kwenye benchi la jirani, yeye kwenye kigoda chake pembeni. Mimi nipo jikoni moshi machoni, chai inachemka. Nikaita bila kufikiri, "Skola, niangalizie wageni wako wangapi, nijue vikombe."

Naapa, sikuwa nafundisha. Nilikuwa nataka vikombe.

Nikamsikia anaanza. Moja, mbili, kidole kinakwenda kwa kila mtu. Nikasema moyoni, Mungu wangu, Shangazi atamchapa, watu hawanyooshewi vidole kama kuku sokoni. Tatu, nne, tano, sita. Kimya. Nikachungulia. Kidole kilikuwa kimesimama hewani mbele ya Shangazi Fausta.

"Mbona umeniruka?" Shangazi akauliza.

"Wewe umezidi, Bibi."

Shangazi akapandisha sauti, unaijua ile: "Nimezidi? Nimepanda basi tangu alfajiri, magoti yananiuma, nije kumlilia mdogo wangu wa tumbo moja, halafu nimezidi? Nyie wa mjini mnafundisha nini watoto?"

Nilitoka mbio na upawa mkononi. Skola machozi yalikuwa yamejaa lakini hakurudi nyuma hata hatua. "Babu alisema sita basi," akasema. Sauti ndogo, lakini kila mtu aliisikia.

Ulivyotajwa tu, watu wakainamisha vichwa. Mimi nikaanza kueleza, debe, lumbesa, mwalimu, maneno yanagongana. Shangazi akaninyamazisha kwa mkono. Akamvuta mtoto, akampakata pale kigodani, akaanza kumkunjia vidole vyake mwenyewe vya kizee. "Nisikilize. Mama yetu alizaa. Wa kwanza Kristina. Wa pili Gaspari. Wa tatu Yosefu. Wa nne Anastazia. Wa tano Pio. Wa sita Melania. Hapo gunia limejaa, siyo?"

Skola akatikisa kichwa, ndiyo.

"Mimi ni nani baada ya Melania? Mimi hapa, ninayekupakata. Baada yangu alikuja mmoja, hakukaa, tulimzika mchanga. Na baada ya huyo ndiyo akaja Babu yako. Mama angesema sita basi, ungempata wapi huyo Babu wa kukukataza? Babu alikuwa anapima mpunga, mjukuu wangu. Watu si mpunga."

Baba, hukuwahi kuniambia wewe ni wa tisa. Nilijua una ndugu wengi, lakini sikuwahi kukaa nikawapanga. Nilisimama pale na upawa unadondosha chai mguuni, nikawa najifunza na mimi.

Nilimwona Skola anavyofanya kazi kichwani, ile sura yake ya kukunja pua, yako hiyo. Akashika kidole kimoja cha Shangazi, kile alichokikunja baada ya Melania. "Wewe saba," akasema. Pole pole, kama mtu anayejaribu maji kwa mguu. Akashika kingine. "Yule mchanga..." akanitazama mimi.

"Nane," nikasema.

"Nane. Babu tisa." Akacheka! "Babu ni tisa!" Akashuka mapajani, akaanza upya na wageni, safari hii anawagusa magotini, hakuna aliyerukwa. Saba ilikuwa Shangazi, nane mzee wa jumuiya, tisa, kumi. Hapo akakwama, mgeni mmoja akamdokeza kumi na moja, mwingine kumi na mbili, ikawa kila anayefikiwa anajitaja mwenyewe kwa sauti. Walifika kumi na saba. Sikuwa na vikombe kumi na saba. Wengine walinywea bakuli na wengine kopo, na Shangazi akasema ni chai nzuri ila sukari imepungua.

Niligeukia ukuta wa jiko nikalia. Nilikuwa sijalia vile tangu siku ya mazishi, na nilikuwa nacheka papo hapo.

Baada ya hapo hakuna aliyeweza kumzuia. Alihesabu kuku, mabati, watu walioshuka kwenye bodaboda, mawe ya njia nzima hadi mashineni. Ishirini na tisa ikampa shida siku mbili, akawa anaruka kwenda hamsini, nikamshika mkono tukarudi. Nilijifunza kumfundisha kwenye kazi yangu, sikungoja tena nipate muda. Nikifua, nguo. Nikimenya viazi, viazi. Nilikuwa najilaumu kwamba mama anayeshinda kazini hawezi kuwa mwalimu. Kumbe mtoto alikuwa darasani wakati wote, ndiyo maana hata debe langu la saba alilisoma.

Na kwenye mpunga anajua. Hapa uwanjani bado anaishia sita, anapiga kofi gunia. Nilimwuliza kwa kumjaribu, akaniangalia kwa huruma. "Mama, hapa ni mpunga."

Juzi Jumanne tulirudi kwa mwalimu mwenye miwani. Nilimwambia Skola, usiogope. Akaniambia, "Wewe ndiye unayeogopa, mkono wako una maji." Akahesabu mpaka ishirini. Mwalimu akasema inatosha. Akaendelea. Alipofika arobaini na moja akasimama akauliza kwa adabu kabisa, "Niendelee au watu wanangoja?" Foleni ikacheka tena, Baba, foleni ileile ya wazazi, lakini kicheko hiki nilikinywa kama maji ya mtungi. Mwalimu akaandika jina lake kwenye orodha ya darasa la kwanza. Nililiona kwa macho yangu, kwa wino. Nilimbeba mgongoni mpaka barabarani na ukubwa wake wote ule.

Kuna jambo moja limebaki, na nimelizungukazunguka.

Jana jioni alisimama mbele ya kalenda ya parokia, ile ya mwaka uliopita, bado iko msumarini chini ya hii mpya. Akauliza, "Babu ameondoka siku ngapi?" Ndipo nikaelewa kitu. Miezi yote hii alikuwa anahesabu siku zako kwa kihesabu chenu. Moja hadi sita, halafu moja tena. Kwake hujawahi kwenda mbali. Nilitaka kusema, tutahesabu kesho. Lakini ni mimi niliyehangaika avuke.

Tukahesabu. Alianza kwenye siku tuliyokuzika, akawa anagusa kila kisanduku, mimi namsaidia kwenye makumi. Mwezi wa nane ukaisha, wa tisa, wa kumi, sauti yake inapungua. Tukafunua kalenda mpya, tukamalizia na jana. Mia moja na themanini na nne. Akaacha kidole pale.

"Ni nyingi," akasema.

"Ni nyingi, mwanangu."

Akaegemea mguu wangu, hakulia. Mimi nilijitahidi. Baadaye akauliza, "Na kesho?" Nikamwambia kesho itakuwa mia moja na themanini na tano. Akafikiri. "Sawa. Nitazikumbuka mimi. Wewe una kazi."

Fundi amemaliza mkanda, Baba, wananiita, na watu wanarudi kutoka kwenye chai. Lala salama huko uliko, usitusumbukie. Nakuahidi kwenye debe nitaishia pale ulipoishia, mnunuzi awe na kofia gani. Na kwa Skola nakuahidi sitamkataza namba yoyote anayotaka kuifikia, hata hizi za kwako.

Leo ni ya mia moja na themanini na tano. Ameshaniambia asubuhi.

Mwanao,
Leokadia